Aliyegeuka nyoka yuko wilaya ya jirani (Sehemu ya 9)



Niliahidi leo tuendelee na kitovu cha mtoto. Kitovu kitasubiri kidogo. Wiki hii nimetumiwa ile video mara sita, na watu sita tofauti, mmoja wao mhudumu mwenzangu kabisa. Mnaijua. Picha imetikisika, kuna kitu kina kichwa cha mtu na mwili haueleweki, na chini yake maelezo: binti alimpiga mama yake kibao, mama akainua mikono juu, binti akageuka nyoka kuanzia kiunoni. Sambaza kwa watu kumi, ukipuuza utajuta.

Sasa nisikilizeni. Mimi nimefanya kazi Ngara, na sasa niko Biharamulo. Nilipokuwa Ngara niliambiwa binti huyo yuko Biharamulo, kalazwa chumba cha mwisho, madaktari wamekatazwa kusema. Nimehamia Biharamulo. Zamu za usiku nafanya mimi, funguo za vyumba ninazo mimi, hata chumba cha mwisho nakijua, kimejaa mabeseni na vitanda vibovu. Huku nako nikaambiwa binti yuko Ngara. Mama mmoja pale kwenye foleni ya kliniki alinikazia macho: "Nesi, wewe si ulikaa Ngara? Ulimwona?"

Hajawahi kuwa wilaya uliyopo. Siku zote yuko wilaya ya jirani.

Na hadithi hii sio ya Kagera peke yake. Zaidi ya miaka 20 iliyopita dunia nzima ilitumiana kwa barua pepe picha ya kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu mnyama, eti ni binti wa Oman aliyemdhalilisha mama yake akiwa anasoma Kurani, akageuzwa palepale. Watu walilia, wengine wakafunga. Ilikuwa ni sanamu. Aliitengeneza msanii wa Australia anaitwa Patricia Piccinini, na kazi zake za aina hiyo zilionyeshwa Venice, Italia, mwaka 2003. Ana wasiwasi wake kuhusu sayansi na viumbe, ndio maana anatengeneza vitu vile. Hakuna binti, hakuna mama, hakuna Oman.

Mtaniuliza, sasa nesi unahangaika nini na video ya nyoka? Wenye muda wacheke, wenye hofu waogope, wewe utupe somo la kitovu.

Nahangaika kwa sababu binti wa nyoka hayupo, kwa hiyo hadithi yake haimuumizi yeye. Lakini ukishazoea kuamini kwamba kila mwili ulioharibika una kosa nyuma yake, hutaishia kwa nyoka. Utaigeuza shingo umtazame jirani yako. Na jirani yako yupo, ana jina, ana mtoto mgongoni.

Niseme mapema nilipo, ili tusigombane. Mimi naamini Mungu. Nasali kabla ya zamu, na mama akikwama kujifungua saa nane za usiku na gari la wagonjwa halijarudi, naomba huku mikono inafanya kazi. Sijaja hapa kuwaambia Mungu haadhibu. Hilo waulizeni mapadri, wachungaji na masheikh, wao ndio wamelisomea. Mimi nimesomea uuguzi. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: maneno "kaadhibiwa" yanafanya nini yakiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hayo nimeyaona.

Tuanze na hapa nyumbani, kwa sababu bado hatujasahau.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alitangaza akiwa Dodoma, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros, akiwa pembeni yake, kwamba kuna Marburg Biharamulo. Tarehe 13 Machi 2025 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Kati hapo walihesabiwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane ambao kila dalili na kila uhusiano ulionyesha ni ugonjwa huohuo ila hawakuwahi kuthibitishwa. Wote 10 walifariki. Na miaka miwili nyuma, Machi 2023, ilikuwa Bukoba Vijijini, wagonjwa 9, vifo 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya.

Siku zile simu yangu haikupumzika. Nilisikia kila kitu. Kwamba ni laana ya ukoo fulani. Kwamba kuna mtu alidhulumu shamba. Kwamba Kagera tunaadhibiwa mfululizo: meli ya MV Bukoba ikazama Mei 1996, tetemeko la Septemba 2016, ndege ikaangukia ziwani Novemba 2022, sasa hii. Wazee wa huku wakiona jambo la kutisha husema ni amahano, na neno hilo likishatoka mdomoni hakuna anayeuliza tena habari za popo.

Lakini hebu tuulize habari za popo. Kirusi cha Marburg kinaishi kwenye popo wakubwa wanaokula matunda, wale wanaolala mapangoni na kwenye mashimo ya machimbo. Wao hakiwaui. Mtu akiingia humo, au akigusa kilichochafuliwa na mate au kinyesi chao, anaweza kukipata. Baada ya siku 2 hadi 21 inaanza homa kali, kichwa, mwili kuuma, kutapika, kuharisha, na kwa wengine kutoka damu. Kutoka kwake kinakwenda kwa mwingine kwa njia ya majimaji ya mwili. Damu, matapishi, choo, jasho. Hakiruki hewani kama mafua.

Sasa kaeni na hilo la majimaji kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Nani anagusa matapishi ya mgonjwa? Mama yake. Mke wake. Dada aliyeacha biashara yake sokoni akaja kumuuguza. Nani anagusa choo chake? Yule aliyekubali kufua mashuka wakati wengine wamesimama mlangoni. Nani anagusa mwili akishafariki? Wale wanaomwosha, kwa heshima, ili asiende kaburini mchafu. Na nani mwingine? Nesi.

Nchi jirani ya Rwanda walipata Marburg mwishoni mwa Septemba 2024. Wagonjwa walikuwa 66, na wengi wao sana walikuwa wahudumu wa afya. Sio walevi, sio wezi, sio wale tunaowaita wenye dhambi tukiwa tumekaa barazani. Walikuwa manesi na madaktari waliokuwa kazini.

Kama hii ni adhabu, basi ni adhabu inayomtafuta aliyehudumia na kumwacha aliyekimbia. Mtu aliyemtelekeza ndugu yake akiumwa alibaki mzima. Aliyemshika kichwa akitapika akafuata. Mimi siwezi kumsimulia mtoto wangu Mungu wa namna hiyo, na sidhani kama nyie mnaweza. Lakini ukisema "fulani kaadhibiwa na nyumba yake yote", ndicho unachosema, hata kama hukukusudia.

Na Rwanda wanatufundisha jambo la pili. Kati ya wale 66 walikufa 15, wakapona 51. Kirusi kilekile. Walipimwa haraka, waliokaribiana nao wakafuatiliwa, wakalazwa wakiwa bado wana nguvu, wakapewa maji ya mishipa na uangalizi wa karibu. Ugonjwa huu unamalizwa na siku. Siku ya kwanza ya homa na siku ya saba ni vitu viwili tofauti kabisa. Na hadithi ya adhabu inakula siku. Familia iliyoambiwa ina laana haiji hospitali. Inafunga mlango, inatafuta nani alimkosea nani, inaita wa kuombea au wa kuagua, inaficha homa ya pili isionekane na majirani, maana ya kwanza tu imeshawatia aibu.

(Jina Marburg ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua baada ya kushughulikia nyani walioletwa kutoka Uganda. Waliugua watu 31, wakafa 7. Sijawahi kusikia mtu akiuliza walikuwa wamemkosea nini Mungu. Wao walipata kirusi. Sisi huku tunapata laana.)

Kagera tunaujua mchezo huu kuliko mkoa wowote Tanzania. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Muulize bibi yako, kama alikuwa huku atakwambia waliuita Juliana, jina la nguo ya mtindo iliyokuwa inaletwa na wachuuzi wa kuvuka mpaka kutoka Uganda. Wapo waliosema ni uchawi wa wachuuzi waliodhulumiwa fedha zao. Baadaye, ilipojulikana unaambukizwa pia kwa ngono, uchawi ukapungua na adhabu ikapanda. Ikahubiriwa: ni fimbo kwa wazinzi.

Fimbo gani inayomchapa mke aliyekaa nyumbani? Fimbo gani inampata mtoto tumboni? Bibi wengi wa mkoa huu walilea wajukuu wanane, kumi, kwa sababu kizazi cha katikati kilizikwa. Na waliozikwa wengine hawakuagwa vizuri, watu walikuja msibani wakiwa wamenuna, kama wanakuja kushuhudia hukumu.

Mnadhani hayo yameisha? Hayajaisha, yamebadilisha nguo tu. Mama mjamzito akipimwa kliniki na majibu yakawa yana VVU, neno la kwanza analoniambia mara nyingi sio "nitapona?" wala "mtoto je?" Ananiambia, "Nesi, nimemkosea nini Mungu?" Hapo najua nina kazi mbili. Kazi ya dawa ni rahisi: asipotumia dawa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa za kufubaza vizuri, unashuka chini ya asilimia 5, na ananyonyesha kama kawaida. Kazi ngumu ni ile nyingine. Mtu anayeamini anatumikia adhabu haoni sababu ya kumeza kidonge. Atakimeza mwezi mmoja, wa pili ataambiwa amesamehewa, ataacha. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu ana kipaza sauti anasema fulani kaponywa, dawa katupa. Aombewe, hata mimi namwombea. Dawa abaki nayo mkononi.

Hapa kuna dada ataniambia, nesi, lakini watu hawasemi hivyo kwa ubaya. Kweli. Nimelifikiria sana hili kwenye zamu za usiku, na nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza, kosa lina dawa. Kama nimekosa naweza kutubu, naweza kulipa mbuzi, naweza kwenda kumwomba radhi mama mkwe. Lakini kirusi kilichokuja tu, kwa sababu popo alipita na mimi nikapita, nakifanya nini? Kinatisha zaidi ya dhambi. Ya pili ni ya jirani. Kama yule mama kakosa, basi mimi ambaye sijakosa niko salama, watoto wangu wako salama. Ni blanketi. Tunajifunika na dhambi ya mwenzetu tupate usingizi.

Na vitabu vyenyewe havitupi blanketi hilo kirahisi. Ayubu anajulikana na Wakristo na Waislamu wote, mtu mwema aliyepigwa mwili mzima, na kwenye Biblia rafiki zake walikuja kumsaidia kutafuta kosa lake, nao ndio waliokemewa mwishoni. Yesu aliulizwa kuhusu kipofu wa kuzaliwa, nani alikosa, yeye au wazazi wake, akakataa yote mawili. Aliwataja na wale watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, akasema hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Upande wa Waislamu kuna mafundisho ya Mtume yanayojulikana sana kuhusu tauni: ikiwa mji una tauni usiingie, na ukiwa ndani usitoke, na mwenye subira akifa kwayo ana daraja la shahidi. Jamani, hiyo ni karantini, na ni heshima kwa marehemu, kwa pamoja. Lakini mimi sio sheikh. Naishia hapo.

Kwa walioko Ngara nina mfano mwingine, wa wakati ambao wazazi wenu wanaukumbuka. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Wakawekwa Benaco. Miongoni mwao walikuwemo waliofanya mauaji na walikuwemo wasiofanya chochote, na watoto wengi. Julai mwaka huohuo kundi kubwa zaidi lilivukia Goma, Congo, nalo vivyo hivyo, wauaji na wasio wauaji. Goma kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu kwa wiki chache, na mpaka leo utasikia watu wakisema Mungu aliwalipa palepale.

Kama ni malipo, kwa nini Goma na sio Benaco? Benaco nako watu waliugua na walikufa, kuhara damu kulikuwepo, msinielewe vibaya. Lakini hakukutokea ya Goma. Tofauti ilikuwa ardhi na maji. Benaco kulikuwa na bwawa, udongo ulichimbika vyoo, na mashirika yalikuwa tayari huku. Goma ni mwamba wa volkano, jembe linagonga jiwe, choo hakichimbiki, na watu wakachota maji ziwani kama yalivyo. Na kipindupindu hakikuwachagua waliokuwa na damu mikononi. Mtoto mdogo anaishiwa maji mwilini haraka kuliko mtu mzima mwenye panga. Ukimwangalia nani alikufa, utaona ni malipo ya ajabu sana.

Sasa nije kwenye lililonipeleka huku kote. Nawaomba wenye mimba msome taratibu, sio la kutisha.

Kuna mama mmoja, simtaji na wilaya siitaji, alijifungua mtoto ana uvimbe mgongoni chini, laini, kama kifuko, na katikati ngozi haijafunga. Tunauita mgongo wazi. Alipewa rufaa siku hiyohiyo. Mtoto wa namna hii anatakiwa afike kwa daktari wa upasuaji mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili tatu, kabla wadudu hawajaingia kwenye uti wa mgongo. Nauli ilikuwepo, baba alikuwa ameshauza mahindi.

Walikuja kwetu baada ya wiki tatu na nusu. Mtoto ana homa, kifuko kimechubuka, kichwa kimeanza kukua. Nikamwuliza mama mkwe, maana mama mwenyewe alikuwa hainui uso.

"Bibi, karatasi ya rufaa mlipewa siku aliyozaliwa. Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunatafuta chanzo, mwanangu."

"Chanzo gani?"

Hakunijibu mimi. Alimtazama mkwewe. Na mkwewe, mtoto wa miaka 20, akasema polepole kama mtu anayesoma shitaka lake, "Wanasema ni kwa sababu nilimjibu vibaya baba mkwe kabla hajafa."

Wiki tatu na nusu walitafuta chanzo. Walikwenda kuombewa mara mbili, walikwenda kwa mzee wa ukoo, wakachinja. Yule binti aliombeshwa radhi kaburini, ana mshono bado haujapona. Mtoto aliachwa ndani, hata chanjo ya kwanza hakupata, wageni wasimwone. Hakuna mtu kwenye nyumba ile aliyekuwa mbaya. Nataka mlielewe hilo. Bibi alimbeba yule mjukuu mikono yote miwili kama yai. Alikuwa anafanya alichoamini kitamponya.

Chanzo kilikuwa kingine. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo wa mimba, wakati mama wengi hawajajua hata kama wameshika mimba. Visababishi ni vingi na vingine havijulikani, ila kimoja tunakijua vizuri: upungufu wa foliki asidi, vitamini iliyoko kwenye mboga za majani na maharage. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliosimamiwa na Waingereza, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hii. Waliopewa foliki asidi kabla ya kushika mimba, tatizo kujirudia lilipungua kwa takribani asilimia 70.

Niambieni, ni laana ya baba mkwe gani inapungua kwa asilimia 70 ukimeza kidonge?

Mtoto alipelekwa Bugando, Mwanza. Walitibu maambukizi kwanza, wakafunga mgongo, baadaye wakaweka mrija wa kupunguza maji kichwani. Yupo. Anacheka, anatambua sauti ya bibi yake kabla hajamwona. Miguu haina nguvu, na hapo siwezi kusema ni zile wiki tatu au ni tangu tumboni, mara nyingi ni tangu tumboni. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba wangewahi angetembea. Ila homa ile ilikuwa ya zile wiki tatu, na homa ile ndiyo ilitaka kumchukua.

Na kichwa kikubwa sio lazima kiende na mgongo wazi. Hospitali ya watoto ya CURE kule Mbale, Uganda, ambako wamewafanyia upasuaji maelfu, waliona kwamba watoto wengi waliowapokea walizaliwa na kichwa cha kawaida, kikakua baada ya maambukizi makali ya siku na wiki za mwanzo. Kwa hiyo kichanga akichemka, au akiwa wa baridi kupita kawaida, akakataa kunyonya, akalegea au akashtukashtuka, sio siku ya kutafuta chanzo. Ni siku ya bodaboda. Chanzo mtakitafuta mkiwa mmekaa kwenye benchi la hospitali, hakuna atakayewakataza. Mkitaka kuongea na wazazi wenzenu wenye watoto hawa, kuna chama chao kinaitwa ASBAHT, ulizeni kwenye hospitali kubwa watawaelekeza.

Ukoo ulifurahi mtoto alivyorudi. Wakafanya na shukrani, mimi nikaalikwa, nikala pilau. Mjomba mmoja akasimama akasema Mungu amesamehe, watu wakapiga makofi. Nilimtazama yule binti. Alikuwa anapiga makofi na yeye, taratibu. Baadaye kwenye kuosha vyombo akaniambia, "Nesi, kwa hiyo bado ni mimi niliyekosa, ila nimesamehewa." Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsaidia kusuuza sahani.

Mwezi uliopita alikuja dirishani kwangu, hana mimba. Ametumwa na daktari aanze foliki asidi sasa, kabla hajashika nyingine. Kwa mama aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi dozi ni kubwa kuliko ile ya kawaida ya kliniki, kwa hiyo usijipimie mwenyewe wala usichukue za jirani, mwone daktari akuandikie. Walikuja wawili. Bibi alibaki nje kwenye benchi na mjukuu, akaniita nilipopita.

"Hivyo vidonge anameza mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, bibi. Asubuhi."

"Na akisahau?"

"Umkumbushe wewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

Kitovu ni Jumanne. Wenye maswali ya foliki asidi niulizeni tu, na wale ambao hamjashika mimba bado lakini mnatarajia mwaka huu, nyie ndio wa kwanza nawasubiri.